Mstari wa Pumzi

Juzi nilipita kwa fundi wa televisheni pale Garsen, kwenye vibanda vilivyo nyuma ya stendi, kupeleka simu yangu iliyoingia maji. Nilimkuta amefungua televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, ameiwasha huku matumbo yake yako nje, na vumbi lililolala humo miaka na miaka limeanza kupata moto. Harufu ilinifikia kabla sijapiga hodi: plastiki iliyochemka kidogo, vumbi, na kitu kama nywele zilizoguswa na moto. Nilishika ukingo wa meza yake. Kijana akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia ni jua tu. Akanisogezea stuli, nikakaa, mwanamke mzima mwenye watoto wake, na moyo unanidunda kama wa mtoto wa darasa la pili anayeogopa kusogeza kidole.

Wenzangu wa rika langu mtaijua harufu hiyo. Televisheni yetu ilikuwa ndogo, haina rangi, na iliendeshwa kwa betri ya gari. Baba alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kusaga ya tajiri mmoja wa mjini, na nyumba tuliyopewa ilikuwa imeegemea ukuta wa mashine hiyo, kwa hiyo kila kitu chetu kilikuwa na unga. Unga ulikuwa kwenye kope za Baba, kwenye kanga za Mama, kwenye chai. Betri ikiisha nguvu, Baba aliibeba begani akaipeleka upande wa pili wa ukuta, ikachajiwa wakati watu wanasaga mahindi yao. Huo ndio uliokuwa umeme wetu.

Kompyuta aliileta Mjomba Jilo, kaka yake Mama, aliyekuwa mlinzi katika chuo kimoja Mombasa. Chuo kilipata mashine mpya, zile kuukuu zikatupwa stoo, naye akaomba moja. Alishuka nayo kwenye basi ndani ya boksi la maziwa ya unga, limefungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa kipande kinene cha plastiki ya rangi ya chai ya maziwa, kina vitufe vya herufi juu yake, na nyaya mbili tatu. Kioo hakikuwepo. Mjomba alituambia kioo ni televisheni yetu wenyewe. Pamoja nayo kulikuwa na redio kaseti ndogo, vijiti viwili vya kushika mkononi, na kanda moja tu.

"Hii ni kompyuta," Mjomba akasema.

Baba akaiangalia mbele na nyuma. "Inasaga?"

Mama alicheka hadi akakaa chini. Nakitaja kicheko hicho kwa sababu mwaka ule haukuwa na vicheko vingi nyumbani kwetu, na sababu yake ndiyo hiyo hiyo iliyomfanya Mjomba aibebe mashine ile kutoka Mombasa. Kaka yangu Komora alikuwa amekatazwa kukimbia.

Komora alinitangulia kwa miaka kadhaa. Alikuwa mvulana wa miguu. Akitumwa dukani alikimbia, akiitwa kula alikimbia, na pale shuleni, ambako mwalimu mmoja alikuwa amesimamisha mlingoti wenye ringi ya chuma kwa ajili ya mpira wa kikapu, aliruka kama mtu aliyeitwa na aliye juu. Kisha akaugua koo. Baada ya koo viungo vikavimba, leo goti, kesho kiwiko, na homa ikapanda. Ilipopoa tukadhani imekwisha. Lakini hakurudi kuwa yule. Akivuka uwanja tu alisimama, mikono magotini, mdomo wazi. Daktari wa kituo cha afya aliweka kile chombo chake kifuani mwa Komora, akasikiliza kwa muda mrefu, akamwambia Mama kwamba baridi yabisi imeingia moyoni. Adungwe sindano kila mwezi, bila kukosa. Asikimbie, asibebe maji, asiruke.

Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya Mama, nikasikia jinsi yeye mwenyewe alivyolifikisha jambo hilo kwa Baba jioni ile: "Wamesema pumzi yake ni kidogo. Akiikimbiza, itamwishia."

Mtoto husikia maneno kama yalivyo. Nilielewa kwamba Komora amepewa pumzi ya kipimo, kama mafuta ya taa kwenye chupa.

Kanda ile moja ilikuwa na mchezo mmoja, mpira wa kikapu. Ukiitia kwenye redio na kubonyeza, ilitoa kelele ya ajabu, kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Mama alikimbilia nje kila mara akisema ni sauti ya majini. Kelele iliendelea hadi unakata tamaa, kisha ikanyamaza ghafla, na kwenye kioo kukatokea uwanja, ringi moja yenye wavu, na watu wawili wadogo. Mmoja alikuwa mweupe wote, mwingine wa kijivu. Hawakuwa na nyuso. Walikuwa na mikono na miguu ya vipande vipande, na mpira uliodunda ukitoa mlio wa tone la maji likianguka sufuriani. Wawili tu, mmoja dhidi ya mwenzake. Komora alichukua yule mweupe siku ya kwanza na hakumwacha tena.

Siwezi kuwaeleza nilivyomwona kaka yangu siku ile. Alikaa mkekani na mgongo ameuegemeza kwenye gunia, kijiti mkononi, na yule mtu mweupe akakimbia. Akazunguka, akapanda hewani, akatia. Komora hakuwa amenyanyua hata kisigino, lakini uso wake ulikuwa uso wa uwanjani. Mama alisimama mlangoni akiwatazama wote wawili, huyu wa mkekani na yule wa kwenye kioo, akafuta macho kwa ncha ya kanga akisema ni unga.

Chini ya kioo, kila mchezaji alikuwa na mstari wake.

"Huu ni wa nini?" nilimuuliza Komora.

"Ni pumzi yake. Unaona? Ukimkimbiza sana unapungua. Ukiisha, miguu inakuwa mizito, hawezi tena."

"Na wako ni upi?"

"Huu hapa." Aliweka kidole kwenye mstari wa kushoto. "Huu ndio wangu."

Alimaanisha wa mchezaji wake. Najua sasa. Lakini nilikwisha kusikia habari za pumzi ya kipimo, na sasa nimeonyeshwa kipimo chenyewe, kwa kidole cha mwenyewe. Nilikubali papo hapo, bila kushangaa sana. Niliona hata ni jambo la busara, kwamba Mjomba Jilo amewaendea wenye elimu huko Mombasa na kutuletea kitu cha kutuwezesha kuona pumzi ya Komora imebaki kiasi gani.

Huenda ningesahau kama watoto wanavyosahau, lau si kilichotokea alasiri moja baada ya shule. Tulikuwa tunacheza, nami nilikuwa nimeanza kuujua mchezo. Nilimkimbiza Komora kweli. Nilimpora mpira, nikamlazimisha kurudi, nikampora tena, naye akicheka na kulalamika, na mstari wa kushoto ukawa unafupika, unafupika, hadi hapakubaki kitu. Mtu mweupe akasimama akiyumba. Nikageuka kumcheka Komora, nikaona kijiti kimemtoka mkononi. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau mbivu. Aliinama taratibu upande mmoja kama gunia lililokatwa kamba.

Nilipiga ukelele ambao Baba aliusikia juu ya mngurumo wa mashine.

Alizinduka. Alikuwa amekosa sindano ya mwezi ule kwa sababu dawa haikufika, na tangu asubuhi alikuwa akihisi vibaya asiseme. Wakubwa waliyajua hayo. Mimi nilijua nilichokiona.

Tangu siku hiyo nikawa sichezi, ninalinda. Komora akiniita kwenye mkeka nilikwenda, maana nikikataa angetafuta mtoto mwingine, na huyo angemkimbiza. Nilikaa na mtu wangu wa kijivu nikamsimamisha pembeni ya uwanja. Komora alipita, akatia, akarudi, akatia. Nilimwachia kila kitu ili asihitaji kukimbia.

"Zuhura, cheza!"

"Ninacheza."

"Hujasogea hata kidogo. Unanionea huruma?"

"Sikuonei huruma."

"Basi nizuie!"

Sikumzuia. Alitupa kijiti akageukia ukuta. Alikuwa amechoshwa na watu wote waliokuwa wakimpisha, walimu, marafiki, Mama, na sasa mdogo wake anampisha hata kwenye kioo. Nilitamani kumweleza. Lakini niliogopa kwamba nikilitamka tu, mstari utanisikia.

Kisha mto ukaja.

Sisi watu wa Tana tunayajua maji. Babu zetu walipanda mpunga kwa kufuata kupanda na kushuka kwake. Haya yalikuwa mengine. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu ambako hatukujui, na maji yalishuka yakiwa mazito, rangi ya udongo, bila kelele, yakiingia mashambani kama mtu aingiaye chumbani kwake. Watu wa Idsowe walianza kufika mjini kwa mitumbwi, kuku wamefungwa miguu, magodoro yanavuja, bibi mmoja amekumbatia jiwe lake la kusagia na hataki kuliachia. Barabara ya Malindi ikakatika. Baada yake ile ya Hola. Garsen tukawa kisiwa. Mashine ya kusaga ilikuwa imejengwa mahali palipoinuka, tajiri akafungua stoo yake, na familia nyingi zikalala juu ya magunia matupu. Dizeli ikaisha. Mashine iliponyamaza nikagundua kwamba sikuwahi kuusikia mji wetu bila ngurumo yake. Walisikika vyura tu, na kikohozi cha watoto.

Sindano ya Komora nayo haikuweza kufika.

Aliharibika mbele ya macho yetu. Kwanza miguu ilivimba, ukiiminya kwa kidole shimo linabaki. Kisha akashindwa kulala chali. Alilala ameketi, Mama nyuma yake kama kiti, mikono imemzunguka. Alipumua kwa mabega. Mhudumu wa kituo cha afya alikuja akipita majini, akamwangalia, akasema, "Mama Komora, huyu anatakiwa hospitali kubwa. Hapa sina kitu." Akasimama tu pale mlangoni, mikono mitupu, maji yakichuruzika kwenye suruali yake. Baba alimuuliza njia gani. Yule bwana akaonyesha maji. Baba akatoka, akazunguka mji mzima akitafuta mtumbwi wa kuvuka hadi penye barabara kavu, na wote wakamwambia mkondo ni mkali, juzi umepindua watu. Alirudi amelowa hadi kifuani. Alikaa karibu na Komora akamshika unyayo, huo uliovimba, akawa anausugua kana kwamba baridi ndiyo iliyoleta yote.

Nami nilikaa na langu. Nilitaka kuona mstari. Nilimwomba Mama aniwashie televisheni, niuone tu. Mama alinitazama kama mtu anayeamshwa usingizini. "Zuhura, mwanangu, leo ndiyo siku ya mchezo?" Nilijikunyata pembeni nikilia kwa aibu, kwa sababu sikuweza kueleza kwamba sikutaka mchezo.

Helikopta ilianza kuja kushusha mahindi na maharagwe kwenye uwanja wa shule, sehemu pekee iliyobaki kavu kwa upana. Ilipotua kwa mara ya pili, Baba alimbeba Komora mgongoni na sote tukaenda. Watu walikuwa wengi. Mwanamke aliyevaa fulana ya buluu alikuwa akichagua wagonjwa wa kuondoka nao. Kulikuwa na mama mjamzito aliyekuwa na uchungu tangu jana yake, mzee aliyevunjika nyonga, na mtoto aliyeumwa na nyoka. Komora alikuwa ameketi kwenye majani, hana jeraha, hana damu, anapumua tu.

"Huyu anaweza kusubiri," yule mwanamke akasema. "Tutarudi kesho mvua ikituruhusu."

"Kesho ya nani?" Mama akamuuliza.

"Mama, nafasi hakuna. Unaona mwenyewe."

Mama hakupiga kelele. Kila mtu alikuwa akipiga kelele, yeye akawa hana sauti kabisa. Alipiga magoti, akainua shati la Komora, akaushika mkono wa yule mwanamke akauweka kifuani mwa mwanawe. Akaubana hapo kwa mikono yake miwili. Niliuona uso wa yule mwanamke. Mwanzoni alitaka kuuchomoa mkono wake. Kisha akaacha. Kifua cha Komora kilikuwa kikiruka chini ya vidole vyake kama ndege aliyefunikwa kwa kikapu, na kila mtu aliyekuwa karibu aliona mkono wenyewe unavyorushwa. Halafu akaenda kwa rubani wakazozana, rubani akitikisa kichwa na kuonyesha vidole, mwisho wakaanza kutoa vitu ndani, turubai, makopo, hata kiti kimoja, wakavitupa kwenye majani.

"Yeye na mtu mmoja," yule mwanamke akasema. "Haraka."

Mama alikwenda kama alivyo, hana hata viatu. Mlangoni aligeuka akamwambia Baba, kwa sauti ya juu ili kuishinda ile mashine, "Nikifika nitatoa tangazo redioni! Msikilize redio! Msikilize!" Komora hakugeuka. Hakuwa na pumzi ya kugeukia.

Upepo wa helikopta ulilaza majani na kutujaza mchanga machoni. Tulipoweza kufungua macho, walikuwa wameshakuwa kidoa.

Wale mliokuwa wakubwa wakati ule mtakumbuka kwamba simu hazikuwepo, na redio ndiyo iliyokuwa barua yetu. Kila jioni, baada ya taarifa ya habari, msomaji alisoma matangazo. Kulikuwa na ya watu waliokwama, wakiwaarifu ndugu zao kwamba ni salama. Na kulikuwa na ya vifo. Yalisomwa kwa sauti ile ile, moja baada ya jingine, jina, kijiji, jamaa, na hukujua linalofuata ni la aina gani hadi limekufikia. Stoo nzima ilikuwa ikinyamaza. Mawe ya redio yetu, zile betri ndogo, yalikuwa yamekufa kama ya majirani wote, na dukani yamekwisha, Baba akaiunga redio kwenye betri ya gari, ambayo nayo ilikuwa na nguvu zilizobaki tangu mashine iliposimama. Hapakuwa na pa kuichajia tena.

Jioni ya kwanza tulisikiliza. Msomaji alitaja vijiji vyetu, akataja watu tunaowajua. Mwanamke mmoja stooni alisikia jina la mumewe akaanguka. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya redio, kidole kwenye kitufe, na kila jina lilipoanza nilimwona akifumba macho. Letu halikutajwa.

Kesho yake alasiri nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata Baba, aliyekuwa ameketi nyumbani kwetu peke yake akiitazama betri, nikamwambia yote. Nilimwambia habari za mstari. Nilimwambia kwamba Komora yumo mle, kwamba nimeona kwa macho yangu siku alipoanguka, na kwamba huko alikoenda hakuna anayejua kumsimamisha ili pumzi ijae. Kama tungeiwasha, mimi ningemshika asimame tuli.

Nilitegemea anikemee. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na mashine. Hakuwahi kugusa kijiti kile hata kwa mzaha. Alinitazama, unga umeganda kwenye mikunjo ya shingo yake tangu siku za kusaga. Kisha akachomoa nyaya za redio kwenye betri, akaunga za televisheni, kompyuta na ile kaseti ya Mjomba.

"Haya," akasema. "Nionyeshe."

Tulitia kanda. Kelele ya majini ikaja, ikaendelea, ikanyamaza, uwanja ukatokea. Harufu ya vumbi la moto ikapanda. Nikampa Baba kijiti cha mtu wa kijivu, nami kwa mara ya kwanza nikamshika mweupe.

"Nifanye nini?" Baba akauliza.

"Usifanye kitu, Baba. Tusimame tu."

"Basi tusimame."

Tukasimama. Wale watu wawili walikaa uwanjani wakitazamana, mpira ukidunda mahali pamoja, tone, tone, tone. Mistari yote miwili ilikuwa imejaa. Baba alishika kijiti kwa mikono yake mikubwa kama mtu aliyepewa yai. Mara moja kidole chake kilitikisika, mtu wa kijivu akapiga hatua, Baba akaniomba radhi. Tulikaa hivyo hadi jua likahamia upande wa pili wa mlango, na picha ikaanza kuvuta pembe zake ndani, ikasinyaa, ikawa nukta, ikazimika. Mistari ilikuwa bado imejaa. Nililala usingizi mzito siku ile, wa kwanza tangu waondoke.

Redio haikuwaka tena.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Watu walituletea uvumi. Mmoja alisema helikopta imeanguka baharini. Mwingine alisikia kwamba mvulana wa Garsen amezikwa Malindi, lakini hakujua jina. Baba aliacha kula. Alikwenda kila asubuhi ukingoni mwa maji, pale barabara ilipozama, akasimama kwenye lami inayoingia chini kama gati, na sikuthubutu kumwita. Nilijiambia kwamba mstari umejaa. Kisha nikajiuliza, je, televisheni ikizimika, mstari unabaki ulipo au unafutika? Sikuwa na wa kumuuliza. Baba niliyempata jioni ile mkekani alikuwa amejifunga tena.

Helikopta iliporudi baada ya mawingu kufunguka, yule mwanamke wa fulana ya buluu alishuka akiuliza, "Baba yake yule kijana wa moyo yuko wapi?" Baba alisimama mbele yake.

"Yuko hai," yule mwanamke akasema. "Wamempeleka Mombasa. Mama yake yuko naye."

Baba alikaa chini palepale matopeni. Aliweka mikono kichwani akalia kwa sauti, mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Walirudi maji yalipokuwa yameshuka na barabara imefukiwa kwa kokoto. Komora alikuwa amekonda hadi masikio yakaonekana makubwa, ila miguu ilikuwa miguu na midomo ilikuwa midomo. Alikuwa na karatasi za kwenda Nairobi kupasuliwa, nako alikwenda baadaye. Dizeli ilikwisha fika, betri ikachajiwa, na jambo la kwanza alilotaka ni kanda yake. Nilikaa naye mkekani nikamsimamisha mtu wangu pembeni, kama zamani.

"Baba ameniambia," Komora akasema.

Nilihisi uso unawaka. Hakunicheka. Alikishika kijiti akaanza kumkimbiza mtu mweupe. Alimkimbiza kutoka ukingo hadi ukingo, bila mpira, bila sababu, kwenda na kurudi, na mstari wa kushoto ukaanza kufupika.

"Komora, acha!"

Hakuacha. Nilimrukia, akanizuia kwa kiwiko. Nilimng'ata mkono. Nilipiga mayowe hadi Mama akaja mbio na mwiko wa ugali, akasimama mlangoni asielewe anachokiona. Mstari uliisha. Mtu mweupe alisimama akiyumba. Nikafumba macho.

"Nitazame," kaka yangu akasema. "Zuhura, nitazame basi."

Nilimtazama. Alikuwa ameketi pale pale, alama ya meno yangu imemkaa mkononi, anapumua. Alipumua ndani, akapumua nje. Alinishika mkono akauweka kifuani mwake, kama Mama alivyofanya kule uwanjani, akaniacha nihesabu mwenyewe hadi niliporidhika.

Komora aliishi hadi akawa mtu mzima. Alifundisha, akaoa, akapata binti. Moyo ule uliotengenezwa ulimpeleka mbali kuliko madaktari walivyotuahidi, kisha mwaka huu, mpunga ukiwa umeanza kuchanua, ukachoka. Tulimzika Idsowe. Mama alikwisha kututangulia.

Siku ya mwisho ya matanga, watu walipopungua, nilikuwa nimeketi na Baba nje ya nyumba. Sasa ni mzee, haoni vizuri. Tulikuwa tunaongea mambo ya kawaida, nani amekuja, nani hakuweza. Akaniuliza ghafla kama nakumbuka siku tuliyosimama.

"Nakumbuka, Baba. Ulinihurumia."

Akatikisa kichwa.

"Mama yako alitoa tangazo," akasema. "Jioni ile ile tuliyomaliza betri. Alitaja jina langu, akasema mtoto amefika na anatibiwa. Alilisoma vizuri kabisa yule msomaji. Watu wa Minjila walilisikia. Waliniambia baadaye. Aliporudi akaniuliza, 'Mlinisikia?' Nikamwambia betri ilikuwa imekufa. Hakuniuliza tena hadi anakufa."

Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyeomba. Alijua ninachotaka kusema, akainua mkono.

"Yale majina, Zuhura. Nilisikiliza jioni moja tu nikajua sitaweza ya pili. Nilikuwa nimekaa pale naitazama betri, sijui niitupe majini au nifanye nini, ndipo ukaingia." Alipapasa mkeka hadi akaupata mkono wangu. "Wewe ulitaka mstari. Mimi nilikuwa natafuta sababu."